DEBE TUPU HALIACHI KUVUMA
Ekzosi ya kelele, masikio yako na msitu wa Ngezi

Leo hatuzungumzii malaria wala kipindupindu. Tunazungumzia kitu ambacho hukioni kwa macho, hakina harufu, hakiachi taka njiani, na kikishapita watu husema, "Basi, yamekwisha." Kitu hicho ni kelele. Na si kelele zote, ni ile moja tu: ya pikipiki iliyotobolewa au kukatwa ekzosi.

Kama unakaa Chake Chake, Wete, Mkoani au Konde, unaijua. Inapita mara moja tu, lakini mtoto aliyelala anashtuka, mwalimu anasimamisha somo, wazee barazani wanakatiza mazungumzo mpaka ipite. Wengine wanacheka, wengine wanalaani. Dereva mwenyewe ana raha zake, maana mtaa mzima umemsikia.

Sasa hebu tuulizane: kelele ile inamdhuru nani? Wengi watajibu, "Majirani." Ni kweli, lakini jibu hilo halijatimia. Sikio la kwanza kuharibiwa na ekzosi ile ni la dereva mwenyewe. Na pikipiki hiyo hiyo ikishaingia msituni, inawadhuru viumbe ambao maisha yao yote yamo katika kusikia. Habari njema ni kwamba dawa ya wote wawili ni moja, na haina gharama kubwa.

KELELE INATOKA WAPI?

Pikipiki nyingi tunazotumia hapa kwetu zina injini ndogo, za cc 125 au 150. Ndani ya injini, petroli huchanganyika na hewa, plagi inapiga cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni. Kisha valvu ya kutolea moshi inafunguka. Moshi ule ni wa moto na umebanwa kwa nguvu, kwa hiyo ukipata upenyo unatoka kwa kishindo, kama mpira unaopasuka.

Kishindo kimoja si kitu. Lakini katika injini ya mipigo minne kishindo kinatokea kila baada ya mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hivyo ni vishindo 50 kila sekunde. Vikiungana, ndiyo ile ngurumo tunayoisikia.

Waliotengeneza pikipiki walilijua hilo. Ndiyo maana wakaweka lile bomba nene la nyuma. Si pambo, wala halikuwekwa kupendezesha. Ndani yake mna vyumba vidogo vidogo na vibomba vyenye matundu. Mawimbi ya sauti yanaingia, yanagonga kuta, yanarudi nyuma, yanakutana na wenzao na kufutana. Kinachotoka mwisho ni moshi na sauti iliyopungua sana. Fundi akivikata vyumba vile au akitoboa bomba, kelele inatoka mbichi, kama ilivyozaliwa ndani ya injini.

DESIBELI NI KITU GANI?

Urefu tunaupima kwa mita, uzito kwa kilo. Ukubwa wa sauti tunaupima kwa desibeli. Lakini angalia, hesabu yake si kama ya kilo. Kilo 20 za mchele ni mara mbili ya kilo 10. Desibeli haziendi hivyo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Zikiongezeka 10, nguvu ni mara 10. Zikiongezeka 20, nguvu ni mara 100!

Watu wawili wakizungumza karibu karibu, bila kupaza sauti, ni kiasi cha desibeli 60. Pikipiki yenye bomba zima, ikipita mita chache kutoka ulipo, ni kiasi cha 80 hivi. Iliyokatwa ekzosi, ikipigwa resi, inaweza kufika 100 au kuzidi.

Hebu piga hesabu. Kutoka 80 mpaka 100 ni desibeli 20. Kwa hiyo pikipiki moja iliyokatwa bomba inatoa nguvu ya sauti sawa na pikipiki 100 zenye bomba zima zikiunguruma pamoja. Mtu mmoja kakaa juu ya pikipiki moja, lakini kelele yake ni ya msafara mzima.

SIKIO LINAWEZA KUVUMILIA KWA MUDA GANI?

Wataalamu wa afya kazini wengi duniani wanatumia kanuni hii: desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku ndio ukingo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu. Kwa hiyo:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: nusu saa
Desibeli 100: robo saa

Umeona? Kwa desibeli 100, robo saa tu imetosha. Sasa mfikirie kijana wa bodaboda anayeanza kazi baada ya sala ya alfajiri na kurudi nyumbani usiku. Hata kama kelele anayoipata pale alipokaa ni ndogo kuliko hiyo, yeye hakai nayo robo saa. Anakaa nayo mchana kutwa, siku sita au saba kwa wiki. Majirani wanaisikia ikipita. Yeye haimpiti, amekaa juu yake.

Na usidhani kofia ngumu inazuia. Kofia inaokoa kichwa na ubongo, kwa hiyo ivae kila siku, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya kelele. Tena upepo unaovuma pembezoni mwa kofia unaongeza kelele yake mwenyewe kadiri unavyozidisha kasi.

NDANI YA SIKIO LAKO

Sikio unaloliona ni mlango tu. Sauti inaingia kwenye tundu, inagonga kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo mno, na vyenyewe vinapeleka mtikisiko kwenye kijumba chenye umbo la konokono, kilichojaa majimaji. Humo ndani mna chembe hai kiasi cha 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vidogo sana. Majimaji yakitikisika, vinyweleo vinapinda, na chembe inapeleka habari kwenye ubongo: "Huyu ni mama anaita," "Huu ni muadhini," "Hiyo ni gari nyuma yako."

Fikiria konde la mpunga. Upepo mdogo ukipita, mpunga unainama na kuinuka tena. Ikija dhoruba, unalala. Dhoruba ikirudi kila siku, unavunjika. Vinyweleo vya sikio ni hivyo hivyo. Kelele kubwa ya mara moja inavilaza, na baada ya saa chache au siku moja vinaweza kuinuka. Kelele ya kila siku inaviua.

Na hapa ndipo penye msiba wenyewe. Chembe hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ukikatika kidole, kidonda kitapona. Ukivunjika mguu, mfupa utaunga. Lakini chembe ya kusikia ikishakufa, imekufa. Hakuna kidonge, hakuna sindano, hakuna mganga wa kuirudisha. Jambo la ajabu ni kwamba ndege wao wamejaaliwa: katika miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kwamba chembe za kusikia za ndege zikiharibiwa na kelele huota upya. Kuku wa bibi yako ana bima ya masikio. Wewe huna.

"NASIKIA, LAKINI SIELEWI"

Uziwi wa kelele hauji kwa kishindo. Unanyemelea. Zinazokufa mwanzo ni chembe zinazopokea sauti nyembamba, za juu. Katika maneno yetu, sauti nyembamba ndizo zile za s, sh, f na th. Vokali, yaani a, e, i, o, u, ni nene na zinaendelea kusikika.

Kwa hiyo mtu aliyeanza kuharibika hasemi "sisikii." Anasema, "Nasikia, lakini sielewi." Anaambiwa "saba," yeye anasikia "shaba." Anaambiwa "fika," anasikia "shika." Abiria anamwambia mahali pa kushuka, anapitiliza. Nyumbani anaambiwa ana kiburi, ati akiitwa haitiki. Kumbe si kiburi.

JIPIME MWENYEWE

Jibu "ndiyo" au "hapana" kwa kila swali. Usimdanganye mtu, maana unayemdanganya ni wewe.

1. Baada ya kushuka kwenye pikipiki, masikio yanakuwa kama yamezibwa pamba?
2. Usiku ukilala kimya, unasikia mlio sikioni, kama wa nyenje au filimbi, na wenzako hawausikii?
3. Watu nyumbani wanalalamika kwamba unaweka redio au televisheni juu mno?
4. Unawaambia watu mara kwa mara "Unasemaje?"
5. Mahali penye watu wengi, kama sokoni au arusini, unashindwa kufuata mazungumzo?

Kama jibu la swali la kwanza ni "ndiyo," sikio lako linakupa onyo la mapema, na bado una nafasi. Kama una "ndiyo" mbili au zaidi, nenda kituo cha afya, eleza kazi unayofanya na kelele unayokaa nayo, uchunguzwe. Pengine ni nta tu, itatolewa. Pengine ni zaidi ya nta, na kujua mapema ni bora kuliko kuchelewa.

Tena kelele haiishii sikioni. Mwili ukisikia kishindo unadhani kuna hatari: moyo unaenda mbio, shinikizo la damu linapanda, usingizi unakatika hata kama hukuamka kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, ofisi yake ya Ulaya, lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 wakati wa usiku, kwa sababu juu ya hapo usingizi unadhurika. Mtoto asiyelala vizuri hasomi vizuri skuli. Mgonjwa asiyelala hapati nafuu haraka.

SASA TWENDE NGEZI

Mpaka hapa tumezungumzia mtaani. Lakini barabara zetu hazipiti mtaani tu. Ukitoka Konde kwenda Makangale unapita katikati ya msitu wa Ngezi, na ndiyo njia ya kwenda pwani za Vumawimbi na Verani, ambako vijana hupenda kutembea siku za mapumziko na sikukuu. Wakaazi wa Makangale wanaipita njia hiyo kwa shida na kwa raha: kwenda sokoni, skuli, kupeleka mgonjwa, kumpeleka mama mjamzito akajifungue. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema pikipiki zisipite. Swali ni zipite vipi.

Msitu wa Ngezi ni wa zaidi ya hekta 1,400. Zamani misitu ya namna ile ilifunika sehemu kubwa ya kisiwa. Karne ya 19 mingi ilikatwa kupisha mikarafuu na mashamba. Ngezi ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba, na ndani yake mna viumbe ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka mahali pengine popote duniani. Wako ndege wa aina nne ambao ni wa Pemba peke yake: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni. Yuko pia popo mkubwa wa Pemba anayekula matunda. Mtalii anatoka Ujerumani au Japani, anapanda ndege mbili au tatu, ili asimame gizani pale Ngezi amsikie bundi akisema "huu."

Nimesema amsikie, si amwone. Msituni macho hayafiki mbali. Majani yameziba. Kwa hiyo kila kiumbe anaendesha mambo yake kwa sauti.

Bundi dume analia kumwita jike na kuwaambia madume wengine, "Hapa pana mwenyewe." Usiku anawinda wadudu, na masikio ni silaha yake. Chozi anaimba alfajiri kulinda eneo lake. Kinda kwenye kiota analia ili mzazi ajue ana njaa, na mzazi akitoa sauti ya hatari kinda ananyamaza. Paa anasikiliza ujani unaokatika kabla hajainua mguu. Kelele ikija, mambo yote haya yanafunikwa. Ni kama watu wako kwenye mkutano wa shehia, kisha mtu akawasha jenereta katikati ya baraza. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyejeruhiwa, lakini mkutano umevunjika.

KELELE INAFIKA WAPI?

Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti inapungua kiasi cha desibeli 6. Tuchukue pikipiki mbili na tupime kuanzia mita 7.5 kutoka barabarani, moja ina bomba zima (80) na nyingine imekatwa (100).

Mita 15: yenye bomba 74, iliyokatwa 94
Mita 30: yenye bomba 68, iliyokatwa 88
Mita 60: yenye bomba 62, iliyokatwa 82
Mita 120: yenye bomba 56, iliyokatwa 76
Mita 240: yenye bomba 50, iliyokatwa 70

Unaona? Robo kilomita kutoka barabarani, pikipiki iliyokatwa ekzosi bado ni kubwa kuliko watu wawili wanaozungumza mbele yako. Majani ya msitu yanapunguza kidogo, lakini yanapunguza zaidi sauti nyembamba. Ngurumo nene ya injini inapenya. Na usiku, hewa ya chini ikiwa imepoa kuliko ya juu, sauti inainamishwa kurudi ardhini na kwenda mbali zaidi. Usiku ndio wakati wa bundi kufanya kazi.

Kwa hesabu hiyo, pikipiki ile yenye desibeli 20 zaidi inafika mara 10 ya umbali wa mwenzake, kila upande wa barabara. Barabara nyembamba inakuwa pana kama uwanja.

Je, kelele peke yake, bila moshi wala gari lenyewe, inawafukuza wanyama? Watu wamejaribu. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Idaho, Marekani, waliweka spika msituni kwenye urefu wa nusu kilomita, mahali pasipo na barabara, wakapiga sauti za magari zilizorekodiwa. Hakukuwa na gari hata moja. Lakini spika zikiwashwa, ndege walipungua kwa zaidi ya robo, na baadhi ya aina walipaepuka kabisa. Spika zikizimwa, wanarudi.

Na popo? Mwaka huo huo wa 2012, bustani kubwa ya mimea ya mji wa Sydney, Australia, ilitaka popo wala matunda waondoke kwa sababu walikuwa wanaharibu miti ya zamani. Hawakutumia bunduki wala sumu. Walitumia spika zenye makelele. Popo, waliokuwa maelfu, wakahama. Yaani wenzetu kelele waliifanya ni chombo cha kufukuzia popo. Sisi tunataka wetu wabaki.

Popo wetu anahitaji kulala mchana. Akishtuliwa anaruka juani, anachoma nguvu alizozipata kwa matunda ya usiku kucha. Jike mwenye mtoto anaruka naye amemng'ang'ania kifuani. Na popo si kiumbe wa bure. Akiruka usiku anabeba mbegu na chavua kutoka mti mpaka mti. Miti mingi ya msituni imepandwa na mkulima huyu asiyelipwa.

MANENO YA BARAZANI

Tukizungumza na vijana juu ya jambo hili, tunasikia maneno haya. Tuyaangalie moja moja.

"Ukikata bomba, pikipiki inapata nguvu." Injini ndogo ilipangwa pamoja na bomba lake na kabureta yake. Ukibadilisha bomba bila kurekebisha kabureta, hewa inazidi petroli, injini inachemka, na plagi na valvu zinachakaa haraka. Sauti inakuwa kubwa, ukadhani umeongeza nguvu. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma.

"Kelele inanilinda, wenye magari wananisikia." Bomba linaelekea nyuma, na sauti nyingi inaenda nyuma. Hatari nyingi ziko mbele: gari inayokata kona, mtoto anayevuka, ng'ombe. Aliye mbele ndani ya gari, vioo vimefungwa na muziki unapiga, anakusikia umeshafika. Kinachokulinda ni taa zinazowaka, mwendo wa wastani, breki nzima, honi kwa wakati wake na kofia ngumu kichwani.

"Wanyama watazoea." Wengine huzoea, ni kweli. Wengine huhama. Ngezi ni kisiwa ndani ya kisiwa: ukitoka nje ya msitu ni mashamba, nyumba na bahari. Bundi wa Pemba akihama Ngezi anahamia wapi?

"Nimeshazoea, haziniumi tena." Hili ndilo la kutisha kuliko yote. Sikio halizoei kelele. Kama jana ilikuumiza na leo haikuumizi, chunguza isije ikawa sikio limeanza kufa.

TUFANYE NINI?

Kama wewe ni dereva:
- Rudisha bomba zima. Kama lako limetoboka kwa kutu, mwambie fundi alichomee au abadilishe. Ni sehemu ya matengenezo, kama oili na breki.
- Ukifika Ngezi punguza mwendo na usipige resi. Kupunguza mwendo kunapunguza kelele, tena paa au pelele akikatiza utamwona.
- Usipige honi msituni ila pana hatari.
- Ukisubiri abiria, zima injini.
- Siku ya safari ndefu tumia vizibo vya sikio vya sponji vinavyouzwa kwa wafanya kazi wa viwandani. Vinapunguza ngurumo, lakini honi bado utaisikia. Pamba haitoshi.
- Usiweke spika za masikioni ukiendesha. Utaongeza kelele juu ya kelele, na hutasikia gari.

Kama wewe ni abiria: wewe ndiye mwenye pesa, na pesa ina sauti kuliko ekzosi. Mwambie dereva kwa adabu, "Kaka, hii yako inaniumiza masikio, nachukua nyingine." Ukimbeba mtoto, sikio la mtoto ni la kuchungwa zaidi, kwa sababu ana miaka mingi ya kulihitaji.

Kama wewe ni fundi: ukiletewa bomba likatwe, mweleze mteja uliyoyasoma hapa. Nawe jilinde, maana gereji nayo ni mahali pa kelele.

Kama mko katika kikundi au klabu ya skuli: fanyeni jaribio hili. Ombeni ruhusa katika ofisi ya msitu pale Ngezi, mwende na mwongozaji. Kaeni kimya dakika 10 mbali kidogo na barabara. Kila mmoja aandike sauti alizozisikia: ndege, wadudu, upepo, watu. Kisha kaeni dakika 10 nyingine karibu na barabara, muandike tena. Linganisheni. Mtayaona kwa karatasi mambo ambayo makala haya yameyaeleza kwa maneno. Karatasi hizo mnaweza kumpelekea sheha na chama cha bodaboda cha eneo lenu, mkazungumza nao kwa heshima. Dereva wengi ni kaka zetu, wanatafuta riziki. Hawahitaji kutukanwa, wanahitaji kuelezwa.

WENZETU WAMEFANYA, NA SISI TULISHAFANYA

Nchi nyingine zimechukua hatua. Mwaka 2020 jimbo la Tirol huko Austria, lenye milima na misitu inayopendwa na watembezi, lilipiga marufuku pikipiki zenye kelele ya zaidi ya desibeli 95 zisipite katika baadhi ya barabara zake wakati wa majira ya joto. Kipimo hicho kinachukuliwa pikipiki ikiwa imesimama, na kimeandikwa kwenye hati zake.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Tunao hapa hapa. Mwaka 1989 popo wa Pemba walikuwa wamebaki wachache mno, kwa sababu ya kukatwa misitu na kupigwa bunduki kwa ajili ya kitoweo. Wataalamu waliogopa kwamba wangetoweka. Kuanzia miaka ya 1990 idara ya misitu ya Zanzibar ikishirikiana na shirika la Fauna & Flora International iliwaendea wanavijiji, wakazungumza, vikundi vya kulinda popo vikaundwa, skuli zikafundisha. Mahali kama Kidike, karibu na Chake Chake, wananchi wenyewe wakawa walinzi wa miti wanayolala popo, na wageni wakaanza kuja kuwaona. Popo waliohesabiwa baadaye walizidi 20,000.

Hakuna aliyetoka nje kuja kuwalinda usiku na mchana. Ni watu wa Pemba, wengi wao vijana wa wakati ule, walioamua bunduki zinyamaze. Walikubali kuacha kitoweo walichokizoea. Sisi tunaombwa kitu chepesi zaidi: turudishe kipande cha bomba mahali pake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lako bado linasikia, na dawa ndiyo hiyo. Ukishazungumza na fundi wako, au kikundi chenu kikishafanya jaribio la Ngezi, tuandikieni mlichokisikia na mlichokikosa. Barua nzuri tutazichapisha katika toleo lijalo, vijana wa skuli nyingine wasome.